Kwa Nini Ubao wa Tezi Huoza Ndani ya Boti ya Faiba

Mwanafunzi wa Endamarariek, wilayani Karatu, aweza kuanza somo hili bila ya kuiona bahari. Nguzo ya uzio iking'olewa baada ya miaka kadhaa (iwapo mchwa hawakuitangulia) huonekana imeoza zaidi pale ilipokutana na uso wa ardhi. Sehemu ya juu hukauka upesi. Chini kabisa hewa ni haba. Kuvu wanaoozesha mti huhitaji maji na oksijeni kwa pamoja.

Hali kama hiyo hutokea katika boti za faiba zitumiwazo mwambao. Tezi, yaani sehemu ya nyuma inayobeba injini, mara nyingi huwa ni plaiwudi iliyofunikwa kwa nyuzi za kioo na resini. Ganda hilo likitobolewa kwa ajili ya bolti za injini na tundu lisizibwe vema, maji hupenya na kufuata nyuzi za mti. Ganda lililoyazuia kuingia sasa huyazuia kutoka.

Unyevu ukiwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa mti mkavu, kuvu hawastawi. Ukizidi 30, hustawi sana. Darasani, kipande cha mti chenye gramu 130 kikaushwe kwa nyuzi joto 103 za Selsiasi mpaka uzito usipungue tena. Kikibaki na gramu 100, unyevu wake ulikuwa asilimia 30.

Fundi huigonga tezi kwa mpini wa nyundo: mti mzima hutoa mlio mkali, uliooza hutoa mlio mzito. Injini huondolewa, kisha ganda la ndani hukatwa. La nje huachwa ili kuhifadhi umbo. Mti wote uliooza hutolewa. Wako wanaomimina resini juu ya ubao ulio bado na maji ili kupunguza gharama. Haishiki, na injini iliyofungwa hapo yaweza kung'oka mbali na nchi kavu.

Plaiwudi mpya hupakwa epoksi pande zote, hasa kingoni, ambako mti hunyonya maji kwa kasi zaidi, ndipo ganda la ndani lijengwe upya. Kila tundu la bolti hutobolewa pana kuliko bolti yenyewe, hujazwa epoksi, na ikishakauka hutobolewa tena katikati. Hivyo bolti haigusi mti kamwe.