Gauni ni maruni, kwenye picha jekundu: rekebisha rangi bila kulipia programu

Wiki hii nimeulizwa tena lile swali: "Mteja karudisha gauni, anasema rangi siyo aliyoiona kwenye picha. Boda nimelipa mimi, kwenda na kurudi. Nifanyeje?"

Mara nyingi simu ndiyo imekuangusha. Ukipiga picha usiku chini ya taa ya njano, kila kitu kinavuta unjano. Nyeupe inakuwa krimu, bluu inachafuka. Mteja hana kosa hapo.

Dawa ipo na ni bure: GIMP. Ni programu huria, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuiandika mwaka 1995, na mpaka leo hailipiwi. Kama kompyuta yako ni ya zamani na inasuasua, weka Linux Mint (RAM ya GB 4 inatosha), fungua Software Manager, tafuta GIMP, bonyeza Install. Ya Windows pia ipo, ila ichukue gimp.org tu. Hizo programu za kulipia zilizovunjwa mnazogawiana kwenye flashi, achaneni nazo. Nyingi zinakuja na virusi, na nywila ya ukurasa wako wa biashara iko kwenye kompyuta hiyohiyo.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujapiga, weka karatasi nyeupe ya A4 pembeni ya nguo, kwenye mwanga uleule. Usichanganye mwanga wa dirisha na wa taa. Na karatasi isiungue: ikiwa imeng'aa mpaka huoni hata mkunjo wake, piga upya, maana programu haitakuwa na cha kupimia.

Fungua picha kwenye GIMP, nenda Colors, kisha Levels. Utaona vialama vitatu vidogo kama vya kudondoshea dawa ya macho: cheusi, cha kijivu, cheupe. Chagua cheupe, bonyeza juu ya karatasi. Unjano unaondoka palepale! Shika nguo yenyewe karibu na dirisha, linganisha. Imekaribia? Bonyeza OK. Saturation usiiguse. Najua inavutia macho, lakini ndiyo inayorudisha mizigo.

Halafu kata karatasi itoke, picha ibaki mraba, ingia Image, Scale Image, weka 1080. Mwisho ni File, Export As, jina liishie na .jpg. Wengi wanakwama hapa: wanabonyeza Save, wanapata faili la .xcf, WhatsApp hailionyeshi kama picha, wanasema GIMP mbovu. Hilo .xcf ni la kwako kufanyia marekebisho baadaye.

Na wewe uliyeuliza, gauni lililorudi lipige upya mchana kabla hujaliposti tena, na kwenye maelezo andika "maruni", usiandike "red".