Sukari ya Damu Baada ya Kula, na Kuipima katika Saumu

Imezoeleka katika miji ya mwambao mtu kufuturu kwa tende, kisha kaimati, kisha muhogo wa nazi na tambi, na juu yake sharubati. Akiinuka mkekani hujiona mzima, akadhani na damu yake ni nzima. Dhana hiyo haina dalili. Sukari yaweza kuzidi katika damu miaka mingi na mwenyewe asihisi kitu, hata macho na figo na miguu ikaanza kuharibika.

Na ajue mwenye kusoma ya kwamba kupanda kwa sukari baada ya kula si maradhi. Wanga wote, uwe wa mchele au wa muhogo au wa ngano, husagika tumboni ukawa sukari, nayo huingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo huifanya sukari ipate kuingia katika nyama za mwili, na ini huweka akiba. Kwa mwenye afya sukari hupanda kadiri ya saa moja, kisha hushuka. Basi la kuangaliwa ni kule kurudi kwake.

Na kurudi huko kuna kadiri. Aliyelala pasi na kula, damu yake ya asubuhi huwa chini ya 5.6 kwa hesabu ya milimoli katika lita. Ukipita muda wa saa mbili baada ya kula, kwa kawaida huwa chini ya 7.8, nayo ni 140 kwa hesabu ya miligramu katika desilita. Muda huo huhesabiwa tangu tonge la kwanza, si tangu kunawa mikono. Wengi hukosea hapa, wakapima mapema mno wakafazaika bure. Ama mwenye kisukari, matabibu humtakia isifike 10.0, ila tabibu wake akimwekea kadiri nyingine.

Wako waliofunga wanaoogopa kujidunga kidole mchana wa Ramadhani. Khofu hii haina asili. Katika madhehebu ya Imamu Shafii hata kuumikwa hakufunguzi, ingawa kuacha ni bora; sembuse tone moja la damu! Na sindano ya insulini chini ya ngozi haifunguzi, kwa kuwa haikupita katika tundu lililo wazi. Basi na apime. Akiona imeshuka chini ya 3.9, au imepita 16.6, afungue papo hapo, ijapokuwa magharibi imebaki robo saa. Akitetemeka na kutoka jasho naye hana kipimo, afungue vilevile. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, naye hulipa siku nyingine. Na asiyetarajiwa kupona wala hawezi kufunga hutoa kibaba kwa kila siku. Anayejizuia mpaka akazimia hakuzidisha thawabu, bali amejitia katika dhara aliyokatazwa.

Ama futari, zatosha tende chache na maji. Kisha atangulize samaki na mboga, na wanga ufuate, kwani mpango huu hupunguza kupanda kwa sukari. Na kwenda msikitini kwa miguu hupunguza pia. Muda wa saa mbili huangukia karibu na kwisha tarawehe. Arudipo nyumbani, kabla hajaonja kitu, apime.