MBWA WA PANGONI NA WENZIWE
Fundisho kwa wanafunzi wa vyuoni na wazee wao

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitambaacho na kirukacho. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Imekuwa mazoea ya vijana wengi wa vyuoni, wakutanapo na mbwa njiani, kumpiga mawe; na wakiulizwa sababu, hujibu, "Mbwa ni najisi." Jawabu hilo nusu yake ni kweli na nusu yake si kweli. Ni kweli kwamba mbwa ni najisi katika madhehebu yetu ya Imam Shafi. Si kweli kwamba unajisi ni ruhusa ya kutesa. Damu yako mwenyewe ikitoka ni najisi, wala hapana mwanachuoni aliyesema kwamba mwenye jeraha apigwe mawe. Basi yapo mambo mawili hapa: hukumu ya tohara na hukumu ya huruma. Aliyeyachanganya hujidhania kuwa ameitumikia dini, ilhali ameidhulumu. Tumeona tuyabainishe kwa khabari za mbwa waliopata kutajwa, kwani kisa hukaa moyoni kuliko amri.

FASILI YA KWANZA: Mbwa wa watu wa Pangoni

Mbwa aliye mashuhuri kuliko wote katika umma wetu ni yule aliyefuatana na vijana wa Pangoni. Vijana hawa waliikimbia dini ya watu wao walioabudu masanamu, wakajificha katika pango, na Mwenyezi Mungu akawalaza miaka 300 ikazidi tisa. Katika Suratul Kahf, aya ya 18, twaelezwa kwamba mbwa wao alikuwa ameinyoosha miguu yake ya mbele pale kizingitini. Na katika aya ya 22, watu wanapobishana juu ya idadi ya vijana, kila kauli yamhesabu mbwa pamoja nao: ama yeye ni wa nne, ama wa sita, ama wa nane. Basi katika kisa kimoja mbwa huyu ametajwa mara nne, ilhali vijana wenyewe hatukutajiwa hata jina la mmoja.

Jina la mbwa nalo halimo katika aya. Wafasiri wengi wamesema kuwa ni Qitmir, na wengine wametaja majina mengine. Neno hili qitmir limo katika Suratu Fatir, aya ya 13, na maana yake huko ni ngozi nyembamba iliyoko juu ya kokwa ya tende, kitu kisicho na thamani.

Imam Qurtubi katika tafsiri yake amenakili waadhi uliotolewa juu ya mimbari huko Misri mwaka 469 wa Hijra na Abul Fadhl al-Jauhari. Muradi wake ni kwamba awapendaye watu wema hupata sehemu ya baraka zao. Kwani mbwa alipenda watu wema akafuatana nao, na Mwenyezi Mungu akamtaja katika Kitabu chake. Ukiwa huu ni utukufu wa mbwa aliyekaa kizingitini tu, waonaje mwanadamu aliyeingia ndani akakaa nao?

FASILI YA PILI: Mwanachuoni aliyefananishwa na mbwa

Katika Suratul Aaraf, aya za 175 na 176, yatajwa khabari ya mtu aliyepewa aya za Mwenyezi Mungu, akajivua nazo, akafuata matamanio yake. Mfano wake umepigwa kwa mbwa: ukimkimbiza hutweta na kutoa ulimi, na ukimwacha pia hutweta na kutoa ulimi. Wengi husoma aya hii wakadhani mbwa ndiye aliyelaumiwa. Lakini mbwa hana kosa katika kutweta. Yeye hatoki jasho mwilini kama sisi, na kwa kutweta huupoza mwili wake, ndivyo alivyoumbwa. Mwenye kulaumiwa ni mtu aliyepewa elimu naye asiache tamaa, akiwa nacho au akiwa hana.

Basi ziweke aya hizi mbili pamoja, ewe mwanafunzi. Mbwa mmoja amepandishwa kwa kufuatana na wema. Na mwenye elimu mmoja ameshushwa mpaka akafananishwa na mbwa, kwa kufuata matamanio. Wa kuogopewa njiani, basi, si mbwa. Ni nafsi yako.

FASILI YA TATU: Mbwa mwenye kiu

Amepokea Abu Huraira, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba mtu mmoja alishikwa na kiu kali njiani. Akaona kisima, akashuka akanywa. Alipotoka alimkuta mbwa akitweta na kula udongo mbichi kwa kiu. Mtu yule akawaza kwamba kiu iliyomfika mbwa huyu ni ile ile iliyomfika yeye. Akashuka tena, akakijaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno apate kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akaikubali amali yake, akamsamehe. Masahaba wakauliza kama kuna ujira katika wanyama, na Mtume (S.A.W.) akawajibu kwamba mna ujira katika kila kiumbe kilicho hai.

Na katika hadithi nyingine iliyomo humo humo, aliyemnywesha mbwa alikuwa mwanamke kahaba wa Bani Israili. Naye akasamehewa kwa sababu hiyo. Tena imepokewa humo kwamba mwanamke mwingine aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Angalia mizani hii. Kiatu kilichoguswa na ulimi wa mbwa kwetu ni najisi, huoshwa. Lakini kiatu hicho hicho ndicho kilichomletea mwenyewe msamaha.

FASILI YA NNE: Mbwa aliyefunzwa

Adi bin Hatim, mwana wa yule Hatim wa kabila la Tayyi aliyesifika kwa ukarimu, alikuwa mtu wa kuwinda kwa mbwa. Akamwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya windo. Akafundishwa kwamba akimtuma mbwa wake aliyefunzwa, na akalitaja jina la Mwenyezi Mungu, ale alichokamatiwa. Lakini mbwa akila katika windo, asile, kwa kuwa amejikamatia nafsi yake. Na akimkuta mbwa mwingine pamoja na wake, asile, kwa kuwa Bismillahi aliisoma juu ya mbwa wake tu. Na ruhusa yenyewe imo katika Suratul Maida, aya ya 4.

Wanavyuoni wamesema kwamba hapa pana dalili ya utukufu wa elimu. Mbwa wawili ni wa jinsi moja na najisi moja. Mmoja amefunzwa, windo lake ni halali, na wa pili hakufunzwa, windo alilofisha ni mzoga. Alama za aliyefunzwa ni tatu: akitumwa huenda, akizuiwa husimama, na akikamata hali. Wahenga wetu nao wamesema, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia." Mnyama hufuata malezi ya bwana wake, basi kijana je?

FASILI YA TANO: Mbwa wa mataifa mengine

Sifa ya uaminifu wa mbwa imeenea kwa watu wote. Wayunani wa kale katika hekaya za Homer walimtaja Argos, mbwa wa Odysseus. Bwana wake alirudi baada ya miaka ishirini, amevaa matambara ya mwombaji asijulikane na mtu. Argos, mzee, amejaa kupe, amelala juu ya samadi, akamtambua kwa sauti. Akatikisa mkia, asiweze kuinuka, akafa.

Katika zama zilizo karibu nasi yuko Hachiko wa Japani. Bwana wake, Ueno Hidesaburo, alikuwa mwalimu wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Tokyo, na mbwa alizoea kumpokea katika stesheni ya Shibuya. Tarehe 21 Mei 1925 bwana alifariki kazini. Mbwa akaendelea kwenda stesheni kumngoja kwa muda wa miaka karibu kumi, mpaka alipokufa tarehe 8 Machi 1935. Watu wakamfanyia sanamu. Sisi hatufanyi masanamu. Lakini twaweza kuuliza: ni wangapi wetu wanaolikumbuka kaburi la mzazi au la mwalimu hata miaka miwili?

Yako pia ya kutahadharisha. Watu wa Wales husimulia hekaya ya Gelert, mbwa wa mtawala Llywelyn. Bwana alirudi akamwona ana damu kinywani, na mtoto haonekani. Akamwua papo hapo. Kisha akamkuta mtoto mzima, na kando yake mbwa-mwitu aliyeuawa. Wasomaji wa Kiarabu wanakijua kisa cha namna hii katika Kalila na Dimna, aliyoitafsiri Ibnul Muqaffaa katika karne ya pili ya Hijra. Na asili yake ni Uhindi, ambako mnyama mwenyewe ni nguchiro na adui ni nyoka. Fundisho ni moja: haraka ya hukumu humwua asiye na hatia, na majuto hayamfufui.

Na yuko Laika, mbwa wa mitaani aliyeokotwa Moscow. Tarehe 3 Novemba 1957 Warusi walimpeleka angani katika chombo cha Sputnik 2, ambacho hakikuwekewa njia ya kumrudisha. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba alikufa kwa joto muda wa saa chache tu. Mmoja wa wataalamu waliomwandaa, Oleg Gazenko, alikiri mwaka 1998 kwamba alijuta. Dunia yote ilistaajabia chombo. Lakini mpime kwenye mizani ile ya kisima: yule msafiri hakuwa na chombo ila kiatu.

FASILI YA SITA: Hukumu kwa mukhtasari

Ama tohara: mbwa kwetu ni najisi nzito. Akilamba chombo, au akigusa kitu na mmoja wao ana majimaji, huoshwa mara saba, moja yao kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Na kwa kauli iliyo na nguvu sabuni haishiki mahali pa udongo. Akiwa mkavu na nguo ikawa kavu, hakuna kinachonajisika. Wala udhu haubatiliki kwa kumgusa. Imam Malik ameona kuwa mbwa aliye hai ni tahiri. Basi usimtukane Mwislamu afuataye madhehebu yake.

Ama kufuga: yajuzu kwa kuwinda, kwa kulinda mifugo na kwa kulinda shamba, na kwa kauli sahihi zaidi, kwa kulinda nyumba pia. Kumfuga bila haja hupunguza thawabu kila siku. Na imesihi kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Kwa hiyo hatusemi mbwa alazwe kitandani kama wafanyavyo wengine; hilo nalo ni kupindukia mpaka.

Ama huruma: tazama kitabu cha Safinatun Najaa cha Sheikh Salim bin Sumair, mnachokihifadhi nyinyi wenyewe. Sababu za kutayamamu humo ni tatu, na ya tatu ni kuyahitaji maji kwa kiu ya mnyama mwenye kuheshimiwa. Kisha wametajwa sita wasioheshimiwa, na mmoja wao ni mbwa mkali aumaye. Maana yake ni nini? Ni kwamba mbwa asiyedhuru anaheshimiwa. Ukiwa safarini na maji machache, na mbwa huyo ana kiu, yakupasa umwachie maji, nawe utayamamu kwa udongo. Sala yako, iliyo nguzo ya dini, imempisha mbwa anywe! Je, aliyepishwa na sala ya watu, wewe wampiga jiwe kwa mchezo?

Mbwa mwenye kichaa au mwenye kuuma watu huuawa ili kuondoa madhara, lakini bila ya kuteswa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, aende hospitali siku ile ile kupata chanjo, wala asingoje. Kwani kichaa cha mbwa kikisha kudhihiri ni nadra sana mtu kupona. Kuilinda nafsi ni wajibu.

MASUALI YA KUJARIBU FAHAMU

Suali: Mbwa amekulamba mguu nawe una udhu, utafanyaje?
Jawabu: Nitauosha mguu mara saba, moja kwa udongo. Udhu wangu haukuvunjika, wala sitampiga mbwa.

Suali: Windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa ni halali, je, pale palipoumwa?
Jawabu: Ni najisi, huoshwa kwa maji na udongo kama ilivyoelezwa, wala si lazima pakatwe na kutupwa.

Suali: Mtu amesema, "Nampiga mbwa kwa kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa." Atajibiwaje?
Jawabu: Ataambiwa: hadithi imekukataza kumweka nyumbani bila haja, haikukuamuru kumpiga njiani. Mtoe nyumbani mwako kwa upole, na ukimkuta ana kiu, mpe maji.

Ewe mzazi, na ewe mwalimu mwenzangu: mtoto aliyezoea kumtesa asiyeweza kusema, kesho atamtesa yatima na mtumishi. Tumfunze kuosha chombo mara saba, na tumfunze pia kuteremka kisimani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufufue pamoja na watu wema, hata tukiwa wa kukaa kizingitini pao. Wallahu aalam. Wabillahi taufiki.