Watafiti wa kandarasi: mambo ya kuzingatia kabla ya kuwaajiri

Vyama vya ushirika, kamati za miradi ya maji na vikundi vya wakulima katika kaunti za Meru na Embu huhitaji takwimu mara moja moja. Ni wanachama wangapi waling'oa kahawa wakapanda makadamia? Ni familia ngapi za Mbeere zinazotembea zaidi ya saa moja kufuata maji? Kazi kama hiyo huisha kwa wiki chache. Kumwajiri mtu wa kudumu kwa ajili yake ni hasara, na kumwachia karani wa ofisi aifanye akipata nafasi ni sawa na kutoifanya. Njia iliyobaki ni mtafiti wa kandarasi, yaani mtu anayejitegemea, anayelipwa kwa kazi maalumu na kuondoka inapokamilika.

Njia ya kutumia watu wa muda imekwisha kujaribiwa nchini kwa kiwango kikubwa. Sensa ya 2019, iliyoanza usiku wa Agosti 24, ilifanywa na makarani wa muda zaidi ya 130,000 walioajiriwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), na waombaji walitakiwa kuwa wakazi wa maeneo watakayohesabu. Ni wao waliopita nyumba kwa nyumba hadi ikajulikana kwamba Meru ina watu 1,545,714 na Embu 608,599. Matokeo ya kwanza yalitangazwa Novemba 4 mwaka huo huo, ilhali yale ya sensa ya 2009 yalichukua mwaka mzima. Sifa kubwa ya kasi hiyo ni ya vishikwambi vilivyochukua nafasi ya karatasi, lakini kishikwambi hakibishi hodi.

Faida ya kwanza ya mtafiti wa hapa nyumbani ni lugha. Kimeru cha Igembe si kile cha Imenti hasa, na Kimbeere kina maneno yake. Mkulima wa miraa akiulizwa kwa Kiswahili cha ofisini kuhusu "mapato ya mwaka", atatoa jibu lolote ili mgeni aende zake. Akiulizwa kwa lugha yake aliuza mara ngapi tangu mvua ya mwisho, na kwa bei gani, atahesabu kwa vidole na kusema kweli.

Hata hivyo, ujirani una upande wake mwingine. Mtu hatamweleza kijana wa jirani yake kuhusu deni, ugonjwa au shamba linalogombaniwa na ndugu. Maswali ya namna hiyo yapewe mtafiti anayeijua lugha lakini anatoka wadi nyingine. Wahitimu wa kufanya kazi hii wapo: Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, hutoa vijana waliosomea utafiti, na baadhi yao bado wanatafuta ajira.

Kuhusu malipo, kikundi kisidhani kwamba neno "muda" linaondoa sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaeleza jinsi kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja anavyoweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba, pamoja na haki zake. Mkataba wa mtafiti anayejitegemea basi uandikwe kwa kazi, si kwa siku: mahojiano mangapi, wapi, yakamilike lini. Ada ya ushauri wa kitaalamu inayofika shilingi 24,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, na mlipaji ndiye anayeiwasilisha KRA. Mtafiti aelezwe hilo mapema, maana ugomvi mwingi huanza pesa zinapoingia kwenye simu zikiwa pungufu.

Hatari kubwa zaidi ni hojaji zilizojazwa chini ya mwembe. Anayelipwa kwa idadi ya mahojiano ana kishawishi cha kuyatunga, na kamati inaweza kuchimba kisima mahali ambapo hakuna anayekihitaji. Dawa yake si ghali. Kwa kila mahojiano kumi, mtu mwingine apige simu au atembelee nyumba moja na kurudia maswali mawili matatu. Watafiti waambiwe tangu siku ya kwanza kwamba jambo hilo litafanyika, bila kutajiwa nyumba zitakazochaguliwa.

Majina, namba za simu na majibu ya wakazi yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mkazi aelezwe taarifa zake ni za kazi gani, na ana haki ya kukataa kuzitoa. Mkataba wa maandishi useme kwamba takwimu ni mali ya kikundi, na kwamba mtafiti atazikabidhi zote na kufuta nakala zilizo kwenye simu yake kabla ya kupokea sehemu ya mwisho ya malipo.