Masizi Yanayoingia Nyumbani

Mzee aliyestaafu zimamoto akianza kusimulia kazi yake, hukumbuka moto wenyewe: soko lililowaka usiku, lori la mafuta lililopinduka. Mkewe hukumbuka kufua. Sare ilirudi nyeusi, akailoweka beseni moja na nguo za watoto, na maji akayabadilisha mara tatu ndipo yakatakata. Enzi hizo masizi yalikuwa fahari ya mtu wa kazi.

Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Ushahidi ulitosha kwa saratani mbili: ya kibofu cha mkojo, na ile ya utando unaozunguka mapafu inayosababishwa hasa na vumbi la asbesto, ambalo bado limo kwenye mapaa mengi ya zamani. Godoro la sponji, plastiki na nyaya vikiungua hutoa kemikali zinazonasa kwenye nguo na kupenya ngozini. Moto ukizimika hatari haijaisha. Wakati wa kufukua vifusi, askari wengi wa zimamoto huvua vifaa vya kupumulia, na moshi bado upo.

Kwa walio kazini, ningeomba jambo moja kuliko yote: sare ifuliwe kituoni. Kama kituo hakina pa kufulia, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kupanda gari. Nyumbani isikung'utwe hata kidogo, maana vumbi likiruka huvutwa na kila aliye karibu. Iloweke ingali kwenye mfuko, vaa glavu, tenga beseni la kazi hiyo tu, na maji yake usiyamwage kwenye mchicha. Askari naye ajifute uso, shingo na mikono palepale kwenye tukio, kisha aoge mapema. Mtoto atamkimbilia mlangoni. Asubiri baba aoge kwanza, ingawa inauma.

Wastaafu wasidhani yamepita. Saratani ya utando wa mapafu huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40, hata zaidi, baada ya kuvuta vumbi la asbesto. Na mzee akiona damu kwenye mkojo, hasa huku kwetu kanda ya Ziwa na pwani, wengi watamwambia ni kichocho, ameze dawa. Huenda ni kweli, lakini kichocho chenyewe huharibu kibofu, kwa hiyo apimwe na amwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa zimamoto. Kikohozi kisichoisha, kifua kuuma na pumzi kukatika navyo visisubiri.

Mama aliyefua sare hizo asibaki nyumbani. Wake wa wafanyakazi wa asbesto wameugua kwa kufua nguo tu. Kaeni pamoja muandike vituo alivyofanyia kazi, miaka yake, mioto mikubwa mnayoikumbuka, nani alikuwa akifua na kama kuna aliyevuta sigara. Karatasi hiyo mwende nayo hospitali.