Usahihi wa Kihistoria na Usawiri wa Jambazi katika Filamu: Mfano wa Eastlands, Nairobi

Filamu ya uhalifu inayorejelea wakati uliopita aghalabu hupimwa kwa mavazi na magari. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Mfano unaotumiwa ni My Life in Crime (1984), kitabu ambamo John Kiriamiti, kupitia mhusika Jack Zollo, anasimulia maisha yake ya ujambazi hadi alipofungwa mwaka 1971. Ichukuliwe kwamba mwongozaji ameamua kukitengenezea filamu na kuweka baadhi ya matukio katika mitaa ya Eastlands.

Kwanza, mandhari. Pumwani ya miaka ya 1920 na Kaloleni ya miaka ya 1940 zinakubalika. Dandora haikubaliki, kwa kuwa ilianza kujengwa katikati ya miaka ya 1970.

Pili, lugha. Nairobi Half Life (2012) ya David 'Tosh' Gitonga inasadikika kwa sababu Mwas na Oti wanazungumza Sheng ya vijana wa wakati wao. Sheng hiyohiyo ikitiwa kinywani mwa Zollo itakuwa kosa, maana kila rika la Eastlands lina msamiati wake. Zollo anahesabu peni na thumuni, nganya haijui. Msamiati huo wa zamani umo vinywani mwa wazee wa Shauri Moyo na Bahati, na mwanafunzi wa Kiswahili ndiye anayefaa kuukusanya kabla haujazikwa nao.

Tatu, sheria. Mapema katika miaka ya 1970, wizi wa mabavu uliwekewa adhabu ya kifo. Jambazi wa mwaka 1969 alihofia kifungo. Wa mwaka 1979 alihofia kitanzi. Ujasiri wa wawili hawa haulingani, na mwigizaji asiyelijua hilo atamsawiri mtu wa kizazi kingine.

Nne, tarehe na maana. Katika Public Enemies (2009) ya Michael Mann, Baby Face Nelson anakufa kabla ya John Dillinger. Kihistoria, Dillinger aliuawa Chicago mnamo Julai 1934, naye Nelson akafa Novemba mwaka huohuo. Badiliko hilo linamfanya Dillinger aonekane kana kwamba ndiye aliyebaki peke yake. Kupangua tarehe, basi, ni kumuumba mhusika upya.

Suala gumu zaidi ni la msimulizi. Zollo anajisimulia mwenyewe. Karani wa benki aliyeelekezewa bastola hasimulii. Hata Milly, mpenzi wa Zollo, anapopewa kitabu chake katika My Life with a Criminal: Milly's Story (1989), kalamu ni ya Kiriamiti yuleyule. Filamu inayofuata vitabu hivi neno kwa neno inaweza kuwa sahihi kwa kila sarafu na kila barabara, na bado ikasema upande mmoja tu.

Eastlands ina mama waliozika wana waliopigwa risasi kwa kuitwa majambazi, na ina watu walioporwa na majambazi. Wote watakaa katika ukumbi mmoja kuitazama filamu hiyo. Jambazi akifanywa shujaa, walioporwa wamesahauliwa. Akifanywa mnyama, mama hao wamezikiwa wana wao mara ya pili. Usahihi wa kihistoria ni kuwatendea haki wote wawili.