Mtu wa Kuja na Mwenyeji: Somo Kutoka Lamu kwa Wakaazi wa Ijara

Kila muhula Masalani hupokea watu wapya. Mwalimu anashuka kwenye gari na sanduku lake, muuguzi anapangiwa kituo cha afya, mfanyabiashara anafungua duka. Baada ya miaka miwili wengine wanaitwa kwa majina na wanaalikwa harusini. Wengine wanaondoka kama walivyokuja, na mtaa hauwakumbuki. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Swali hili si la mapambo. Mnamo Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu ya Garissa. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na watoto wakabaki darasani bila wa kuwafundisha. Usalama ni kazi ya serikali, lakini mgeni anayejulikana na majirani ana macho mengi yanayomlinda kuliko yule ambaye hakuna anayejua analala wapi.

Majirani zetu wa Lamu wameishi na swali hili kwa karne nyingi. Kisiwani ardhi ni kidogo, nyumba zimebanana, na kila mtu anajua mwenzake ni wa ukoo gani. Mji wenyewe uligawanyika tangu zamani. Mkomani, upande wa kaskazini, zilikuwako nyumba za mawe za koo kubwa. Langoni, upande wa kusini, walikaa zaidi watu wa kuja: Wahadhrami, Wangazija, Wabajuni na wengine. Kwa hiyo mgeni alipata mahali pa kulala upesi. Kupata heshima kulichukua muda.

Aliyeipata heshima hiyo kwa namna ya ajabu ni Habib Swaleh, sharifu mzaliwa wa visiwa vya Komoro aliyehamia Lamu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Alikuwa na nasaba nzuri na elimu ya dini, na angeweza kukaa karibu na wakubwa. Yeye akakaa ukingoni mwa mji, upande wa Langoni, na kuwafundisha watu ambao wengine hawakuwa na haja ya kuwafundisha: maskini, watumwa na watoto wao. Aliwatibu wagonjwa kwa dawa za miti shamba. Katika maulidi yake ngoma na matari vilipigwa, jambo lililowakera baadhi ya wenye mji. Walimpinga, naye hakuhama. Msikiti wa Riyadha ulijengwa kwenye mwaka wa 1900 hivi, na chuo chake kikawa maarufu Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1935. Leo Maulidi ya Lamu huleta maelfu ya wageni kila mwaka, na hakuna anayeyaita mambo ya Wangazija. Ni ya Lamu.

Angalia alichofanya. Hakungoja kukaribishwa na kila mtu; alitafuta kazi iliyokuwa imelala bila mwenyewe, akaifanya kwa miaka mingi mahali pamoja. Waliomfanya mwenyeji kwanza ni wale aliowahudumia. Wenye mji walifuata baadaye.

Kuna mfano mwingine kisiwani humo, mdogo lakini unafaa. Watu wa Shela wanasimulia kwamba wazee wao walitoka Takwa, mji uliohamwa katika kisiwa cha Manda. Magofu yake yapo bado, pamoja na kaburi la nguzo lenye tarehe inayolingana na miaka ya 1681 na 1682. Watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kuvuka maji kwenda kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Wamekuwa watu wa Lamu bila kusahau walikotoka, na hilo halikuwapunguzia uenyeji wao.

Huku kwetu pia njia zipo, na pengine tunazisahau kwa sababu ni za kawaida. Wafugaji wa Kisomali wana utaratibu unaoitwa shegat: familia au kundi dogo linalofika katika eneo la ukoo mwingine linajiunga na ukoo huo, linapata malisho na ulinzi, nalo linachukua sehemu ya mizigo. Kipimo chake kiko wazi. Diya ikitakiwa, mgeni anachanga pamoja na wenyeji. Akidaiwa yeye, wenyeji wanamchangia. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mfugaji asiye na jembe atampa ndoo ya kuteka maji kisimani, na maana ni ile ile.

Sheria nayo ina sehemu yake. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia na kuishi popote nchini. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Wako wanaonung'unika juu ya kifungu hiki. Wakumbuke kwamba kinawafaa pia vijana wetu wanaotafuta kazi katika kaunti nyingine.

Kwa mgeni aliyefika Masalani, Kotile, Hulugho au Sangailu, hatua ya kwanza ni kujulishwa kwa chifu na wazee wa mtaa, ikiwezekana akiongozana na mtu anayefanya naye kazi. Ajifunze salamu za Kisomali, na akivuka Tana, za Kipokomo. Msiba ukitokea jirani, aende hata kama hakuitwa. Akikusudia kukaa, anaweza kuomba IEBC ihamishie hapa usajili wake wa kura.

Kwa mwenyeji, kazi ni kumpa nafasi ya kuchangia. Mkutano wa ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti ni wa kila mkaazi, wala hauulizi ukoo. Mwalimu aliyefika muhula huu ana haki ya kusimama pale na kuuliza maji ya shule yake yatafika lini.